MREJESHO: Lile kundi la tamthilia lililovurugwa na siasa

Wakuu, niliwauliza kuhusu kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa tamthilia, ambako kila mjadala uliishia kwenye matusi ya uchaguzi. Asanteni sana.

Kufungua kundi la pili la siasa tu kumesaidia mno. Huko wanachapana hadi usiku wa manane. Kwetu tunabishania nani atakufa kipindi kijacho.

Ushauri wa kulifunga kundi, wasimamizi pekee waandike, ulibuma. Watu walihamishia ugomvi inboksi (na lawama zote kwangu!), nikalifungua.

Yule rafiki aliyejitoa bado hajarudi. Mlisema nisimbembeleze, nimtumie tu stika ya mhusika anayempenda. Nimetuma. Kajibu kwa emoji ya kucheka, basi.