Tupeane uzoefu: Ulitafuta nini mtandaoni kikagoma, na mwishowe ulikipataje?

Bisibisi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nimechoka kuwaona watu wazima wanaandika neno moja kwenye Google, wanabonyeza tokeo la kwanza, kisha wanatangaza kwamba "mtandaoni hakuna kitu". Kipo, ila hukukiita vizuri. Nadharia sitaki, leteni visa vyenu: ulitafuta nini, ukaandika nini, ukabadilisha nini mpaka kikatokea.

Naanza mwenyewe. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya ofisini. Nililetewa printa inayolalamika kuwa karatasi imekwama, na ndani hamna hata kipande. Mwenye nayo alikuwa ameshatafuta "printa yangu haifanyi kazi" akaishia kuletewa matangazo ya printa mpya. Mimi nikaigeuza, nikasoma namba ya modeli kwenye kibandiko cha chini. Ujumbe wa kwenye kioo nikaunakili neno kwa neno, nikaufunga ndani ya alama za kunukuu, nikaongeza namba ya modeli. Nikampata fundi mwenzangu wa nchi nyingine kabisa aliyehangaika na jambo hilohilo. Akaeleza kwamba nyuma, chini ya kifuniko, kuna kimkono kidogo cha plastiki kinachoguswa na karatasi ikipita. Kikilala kisiinuke, mashine inaamini karatasi bado ipo. Nikakisukuma kwa ncha ya kidole, kikaruka juu, printa ikaanza kuchapa.

Yule fundi hakuandika "printa yangu haifanyi kazi". Aliandika alichokiona kwenye kioo. Ndiyo maana siku hizi kabla sijagusa kibodi najiuliza: ukurasa wenye jibu langu umeandikwa kwa maneno gani? Naandika hayo hayo.

Karibuni.

Kimya Kingi

Fupi tu. Kitabu cha maelekezo cha kifaa kikipotea, usiandike "jinsi ya kutumia". Andika namba ya modeli, neno manual, halafu filetype:pdf. Bila nafasi baada ya nukta mbili. Unaletewa kitabu chenyewe, si wauzaji. Na shida za programu naongeza after:2023 au mwaka wowote ninaoutaka, maana nusu ya majibu yaliyoko huko ni ya matoleo yaliyokufa zamani.

Mpangaji

Mkuu Bisibisi, dawa yako inafaa kwa anayeyajua maneno. Mimi sikuyajua.

Nyumbani kila tukifunga bomba la maji ghafla, ukutani kunagonga "du!" kama kuna mtu na nyundo upande wa pili. Nikaandika "sauti ya kugonga ukutani usiku". Niliyoletewa ni majini, tafsiri za ndoto na watu wa kufukuza mapepo! Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Nikatulia. Nikaelezea upya kwa mpangilio: ni kitu gani, kinafanya nini, kinafanya lini. Nikaandika kwa Kiingereza, "pipes bang when tap is closed", kwa sababu mafundi wanaoandika mambo haya kwa Kiswahili bado ni wachache. Kwenye yale maelezo mafupi chini ya matokeo nikaona jina linajirudia: water hammer. Sikufungua hata ukurasa mmoja. Nilichukua jina, nikafuta niliyoandika, nikaanza upya na jina hilo peke yake.

Mambo yakabadilika. Kumbe maji yanayokwenda kasi yakisimamishwa ghafla, mgandamizo unarudi nyuma ndani ya bomba, na bomba lisiloshikwa sawasawa linatikisika na kupiga ukuta. Kuna njia kadhaa: kufunga taratibu, kukaza vishikio, kupunguza presha ya maji, au kufunga kifaa maalumu cha kufyonza ule mshtuko. Kwetu ilikuwa vishikio. Fundi alipofungua pale chini ya sinki, kimoja kilikuwa kinaning'inia kwa skrubu moja.

Bisibisi

Hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Utafutaji wa kwanza unatafuta jina, wa pili unatafuta jibu. Wengi wanataka vyote viwili kwa mpigo mmoja.

Na kitu usichokijua jina kabisa lakini unacho mkononi, kipige picha utafute kwa picha. Wimbo nao, tangu 2020 Google inakubali uuimbe kwa mdomo uliofumbwa, bila maneno. Mwanangu ananiimbia mimi, nami naiimbia simu. Inasikia vizuri kuliko mashemeji zangu.

Mama Pacha

Langu ni la afya. Mnakumbuka 2020 magrupu ya familia yalivyochafuka. Shangazi yangu akatuma kwamba kitunguu saumu kinazuia korona, na akasema yeye mwenyewe amethibitisha Google. Nikamwomba anionyeshe alichoandika. Aliandika: "kitunguu saumu kinazuia korona".

Hapo ndipo penye kasoro. Ukiandika jibu unalolitaka, unaletewa kurasa zilizoandika jibu hilo hilo. Hiyo mashine haijakukubalia, imefananisha maneno tu. Nikamwambia, shangazi, ondoa "kinazuia". Tuandike "garlic coronavirus" halafu site:who.int, yaani tutafute ndani ya tovuti ya Shirika la Afya Duniani peke yake. Ukurasa ukaja palepale, umeandikwa kwamba kitunguu saumu ni chakula chenye afya, lakini hakuna ushahidi kuwa kukila kumemkinga mtu na virusi vile.

Hakufurahi. Ila aliusoma mwenyewe, kwa macho yake, na ujumbe ule akaufuta. Ningemletea mimi maneno ya mdomoni tungegombana.

Ntilie Shaka

Samahani wakuu, ila mnatupeleka enzi za mababu. Hizo alama hazifanyi kazi siku hizi. Mimi nimezoea kuweka + mbele ya neno, siku nyingi inapuuzwa. Sasa hivi unauliza swali kamili kama unavyomuuliza mtu, basi. Na juu kabisa unapewa muhtasari wa akili bandia, huhitaji hata kubonyeza.

Mzee wa Kibodi

Kijana, alama ya + Google waliiondoa 2011. Nafasi yake ikachukuliwa na alama za kunukuu, hata kwa neno moja. Nyingine zipo: alama ya kutoa iliyogandana na neno usilolitaka, site:, filetype:, na OR (yaani "au") kwa herufi kubwa. Wengi wanaosema "hazifanyi kazi" wameacha nafasi mahali pasipotakiwa.

Kuhusu sentensi kamili nakupa nusu ya haki. Sisi tulioanza na mtambo wa kutafutia wa AltaVista mwaka 1995 tulifundishwa kutupa vineno vidogo. Siku hizi vina uzito. Mwaka 2019 Google walipoingiza BERT, mfumo wa kuelewa lugha, walitoa mfano wa Mbrazil anayeuliza kama anahitaji viza kwenda Marekani. Zamani kile kineno cha "kwenda" kilipuuzwa, akaletewa habari za Wamarekani wanaokwenda Brazili. Kwa hiyo swali lenye uelekeo, nani kwenda wapi, nini kwenda kwa nani, liandike lote.

Lakini huo muhtasari wa juu uchukulie kama fununu ya kibarazani. Mwaka 2024 ulipoanza tu Marekani, ulimshauri mtu achanganye gundi kwenye mchuzi wa pizza ili jibini lisiteleze. Ulikuwa umeokota utani wa mtu, wa miaka mingi nyuma, ukauleta kama ushauri. Mimi nabonyeza kichujio cha "Web", nabaki na viungo vitupu kama zamani.

Na msisahau jambo moja. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha kampuni ya Google 1998, ujanja wao ulikuwa kupanga kurasa kwa kuangalia nani ameunganishwa na wangapi, na hao wanaomwunganisha wana uzito gani. Siku hizi vipimo vimekuwa vingi, lakini athari ile bado ipo: ukurasa unaofahamika na wengi unapanda, hata kama jibu lako limekaa kwa mtu asiyefahamika. Ndiyo maana mimi matokeo ya kwanza matatu nayaruka kwanza, narudi kuyaona baadaye. Ni tabia yangu tu, msinifuate.

Ntilie Shaka

Nimekuelewa mzee wangu. Ya gundi sikuijua, hiyo kali.

Cherehani

Mimi ni mshonaji. Kuna ukurasa uliokuwa na vipimo vya kukata kola ya aina fulani, niliuhifadhi kwenye simu kwa miaka. Siku ninayouhitaji, mteja amekaa mbele yangu, nafungua: tovuti imekufa. Hapo zamani ungefungua nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa na Google, lakini nayo waliiondoa 2024.

Nikanakili anwani ya ule ukurasa, nikaibandika kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani. Ile kalenda yao ikaja na vidoa kwenye siku walizouhifadhi. Nikabonyeza kidoa cha katikati, si cha mwisho, maana vya mwisho mara nyingi vinakuwa vimehifadhi ujumbe wa "ukurasa haupatikani". Vipimo vyote vikatokea, michoro pia isipokuwa mmoja. Dada zangu washonaji, msitupe viungo vilivyokufa. Anwani yenyewe ndiyo ufunguo.

Mama Pacha

Cherehani umenikomboa dada. Nina mapishi yangu yaliyopotea hivyo hivyo.

Kimya Kingi

Narudi na la picha. Ile ya papa anaogelea katikati ya barabara iliyofurika mnaikumbuka? Jirani alinitumia kama habari ya asubuhi hiyo. Nikaipakia TinEye, tovuti ya kutafuta picha ilikowahi kutokea, nikapanga kuanzia ya zamani kabisa. Imezunguka tangu kimbunga Irene mwaka 2011, wakasema ni Puerto Rico. Ikarudi na Harvey mwaka 2017, wakasema ni Houston. Papa mwenyewe amekatwa kutoka picha halisi ya mpiga picha Thomas Peschak, ya mtu kwenye kayaki anayefuatwa na papa mweupe. Nikamrudishia jirani zote pamoja na miaka yake. Siku hizi ananitumia kwa kuuliza, "hii nayo?"

Mpangaji

Nami nina la kuonya. Kaka yangu alitafuta namba ya huduma kwa wateja ya benki yake. Kilichokuwa juu ni tangazo lenye jina la benki na namba ya simu. Akapiga, akapokelewa vizuri sana, akaombwa nambari ya siri "kuthibitisha akaunti". Bahati nzuri hapo akashtuka, akakata. Kumbe tangazo halikuwa la benki, ni matapeli wamenunua nafasi. Namba ya benki chukua nyuma ya kadi au ndani ya programu yao. Na kama lazima utafute, angalia kama pameandikwa kuwa ni tangazo, halafu soma anwani ya tovuti herufi kwa herufi kabla ya kugusa.

Cherehani

Jamani swali. Hizi site: na filetype: zinakubali kwenye simu, au mpaka kompyuta?

Bisibisi

Zinakubali zote, dada, na Bing nako pia. Angalia tu kibodi ya simu isikuwekee nafasi baada ya nukta mbili, ndiyo tabia yake. Kwa Kiswahili kuna kimoja zaidi: ndani ya alama za kunukuu usiweke kitenzi chenye viambishi. Ukifunga "anashona" utawakosa walioandika "kushona" na "tunashona". Funga nomino, "kola ya shati", kitenzi kiache nje.

Na ukishafungua ukurasa mrefu usiusome wote. Kwenye simu gusa vile vidoti vitatu vya kivinjari, chagua kutafuta ndani ya ukurasa, andika neno lako. Kwenye kompyuta ni Ctrl na F.

Cherehani

Nimejaribu sasa hivi. Simu imeweka nafasi kweli! Nimeifuta, imekubali.