Siku 12 za mahema kwenye hifadhi za milimani Marekani, mama akiwemo: naombeni ushauri

MamaZuhura
Wakuu, heshima kwenu. Tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 6) na mama yangu wa miaka 68 aliyekuja kututembelea. Gari tunalo, hema kubwa tunalo, na tuna siku 12 kuanzia wiki ya pili ya Julai. Tumepanga Rocky Mountain kule Colorado, Grand Teton na Yellowstone kule Wyoming, tumalizie Glacier, Montana. Siku tatu tatu kila hifadhi. Hatujawahi kulala hemani zaidi ya usiku mmoja.

Mama ndiye mwenye hamu kutushinda sote, anataka kushika theluji ya Julai kwa mkono wake. Ana presha na anatumia dawa. Sitaki arudi nyumbani akikumbuka kiti cha gari tu. Ratiba hii inabebeka? Halafu habari za dubu zinaninyima usingizi.

Dereva_wa_Nyika
Haibebeki, dada. Kutoka Rocky Mountain hadi Teton ni siku nzima barabarani, na Yellowstone hadi Glacier ni siku nyingine. Hapo hujahesabu kukunja hema na kulisimika upya mara nne, ukiwa na watoto. Yellowstone peke yake ina barabara ya mzunguko ya maili 142, mwisho wa mwendo ni maili 45 kwa saa, na nyati wakiamua kusimama katikati ya lami utawasubiri mpaka waondoke wenyewe. Futa Glacier. Teton na Yellowstone ni jirani kabisa, usizitenganishe.

Na kwenye miteremko mirefu shuka kwa gia nzito, usikanyage breki mfululizo. Nimewahi kunusa breki zikiungua nikiwa na familia ndani, sitasahau.

Bi_Tumu
Mwanangu, mimi ningefuta na Rocky Mountain pia. Barabara yake ya Trail Ridge inafika mita 3,713. Mtu mzima mwenye presha kupandishwa huko siku ya kwanza, mwili haujazoea, si sawa. Mpeleke kwa daktari wake kabla ya safari, mweleze mtalala kwenye mita 2,000 na kitu.

Theluji ataipata. Toka Yellowstone kwa lango la kaskazini mashariki, fuata barabara ya Beartooth. Kilele chake ni mita 3,337, na Julai mabaki ya theluji huwa yapo pembeni ya barabara. Apande mchana, aishike, mshuke kulala chini. Akianza kuumwa kichwa au kichefuchefu, msisubiri, teremkeni.

Kambi_Tulivu
Nafasi za kambi ndizo za kukimbilia leo. Teton hufungua miezi 6 kabla kupitia tovuti ya Recreation.gov, kwa hiyo Julai huenda imeshajaa, ila watu hughairi. Ingia asubuhi, ingia jioni, usichoke. Kambi ya Fishing Bridge kule Yellowstone usiiguse, mahema hayaruhusiwi kwa sababu ya dubu.

Kuhusu hao dubu: chochote chenye harufu, hata dawa ya meno na mafuta ya mtoto, kinalala ndani ya gari lililofungwa au kwenye sanduku la chuma la kambini. Hemani kisiingie hata biskuti moja. Beba dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu, ikae kiunoni, siyo ndani ya begi. Kaeni mbali na wanyama: dubu na mbwa mwitu ni yadi 100, nyati ni yadi 25, hata akionekana mpole. Watoto wafundishwe hilo nyumbani, pamoja na kutotoka kwenye njia za mbao penye chemchemi za moto. Ardhi pale ni ganda jembamba juu ya maji yanayochemka.

Kuni nunua hukohuko, usisafiri nazo, hubeba wadudu wanaoua miti. Pakua ramani kabla, mtandao hukatika. Na angalia viingilio upya: tangu 2026 mgeni asiye mkazi hutozwa zaidi, kwa hiyo mama anaweza kuwa na hesabu yake.

MamaZuhura
Nimewaelewa. Glacier na Rocky Mountain tumeziacha. Siku 5 Teton, 5 Yellowstone, mbili za njiani. Daktari ni Jumatatu. Bi Tumu, baridi ya usiku je?

Bi_Tumu
Usiku wa Julai huko unaweza kugandisha maji. Baridi inayomtesa mtu hutoka chini, blanketi la juu peke yake halitoshi. Mnunulie kitanda cha kukunja, juu yake godoro nene la kambi, kofia ya sufu na soksi kavu za kulalia tu. Hema lisimame karibu na choo.

MamaZuhura
Kitanda kimefika jana. Mama kalala nacho hemani uani, wajukuu pembeni yake, na leo asubuhi kaniambia soksi ziongezwe jozi mbili.