Deftones ni metali, au tuwaite nini?

Msikilizaji Mgeni:
Ndugu wanajukwaa, huu ni mwezi wa pili naisikiliza bendi ya Deftones, na kadiri ninavyoisikiliza ndivyo ninavyoshindwa kujua kama niiite metali, yaani roki nzito, au niipe jina jingine. Gitaa ni zito kweli kweli, lakini mwimbaji ananong'ona kama mtu anayeongea usingizini, kisha ghafla anapiga ukelele. Naomba kuelezwa mchanganyiko huu ulitoka wapi, na nianze na albamu gani.

Nyuzi Saba:
Ndugu yangu, umeshaitambua bendi yenyewe. Ilianzishwa Sacramento, California, mwaka 1988. Mpiga gitaa Stephen Carpenter ni mtu wa metali tupu, ilhali mwimbaji Chino Moreno alikua akizipenda The Cure na Depeche Mode, bendi za Uingereza zenye muziki wa huzuni na utulivu, na hakuna aliyekubali kumezwa na mwenzake. Adrenaline (1995) na Around the Fur (1997) ziliwafanya watiwe kapu moja na Korn, bendi nyingine ya metali ya wakati ule. White Pony ya mwaka 2000 ndiyo iliyowatoa humo. Anza nayo. Sikiliza Digital Bath: ngoma za Abe Cunningham zinatangulia, sauti inapita juu yake polepole bila haraka yoyote, halafu kwenye kiitikio gitaa linaangusha ukuta mzima. Wimbo unaofuata ni Elite, ambao ni makelele matupu, nao ndio uliowapatia Grammy ya metali mwaka 2001. Jina rasmi, basi, wanalo.

Mzee wa Santuri:
Naongeza moja, kwa sababu watu humsahau dijei wao, Frank Delgado. Bendi nyingi za wakati ule zilimweka dijei akwaruze santuri kama kwenye hip-hop; yeye alitandika sauti za chinichini ambazo huzitambui mpaka zinapoondolewa. Tena angalia toleo unalonunua: likianza na Back to School, hilo ni la baadaye, kwani wimbo huo uliongezwa mbele ili kupata kitu cha kuuzika redioni, nao kwa maoni yangu unaharibu mlango wa albamu.

Nyuzi Saba:
Hapo nakuunga mkono, mzee. Ila asiishie kwenye White Pony. Novemba 2008 mpiga besi Chi Cheng alipata ajali ya gari iliyomwacha katika hali ya kupoteza fahamu, na akafariki Aprili 2013. Albamu ya Eros, iliyokuwa karibu kukamilika, iliwekwa kando. Wenzake wakamwita Sergio Vega ashike besi na kuanza upya kabisa, wakatoa Diamond Eyes mwaka 2010. Carpenter humo anapiga gitaa la nyuzi nane, zito kuliko alivyowahi kupiga, na bado Moreno anaimba kwa utulivu ule ule.

Msikilizaji Mgeni:
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Nimerudia Digital Bath mara tatu kwa spika za masikioni, na sasa namsikia Delgado. Toleo langu, kwa bahati mbaya, linaanza na Back to School.

Mzee wa Santuri:
Uruke, uende moja kwa moja wimbo wa pili.