Tupeane uzoefu: minyoo ya mbuzi, kondoo na ndama

Wafugaji, simulieni mlichokiona kwa wanyama wenu, siyo kilichoandikwa kwenye kopo la dawa. Naanza mimi.

Kondoo wangu hakuharisha hata siku moja. Mavi yake punje safi, anakula, ila chini ya taya pamevimba kama kabeba mfuko wa maji, na nikifunua kope ndani ni peupe. Ni yule mnyoo wa tumbo la nne, mnyonya damu. Wengi husubiri kuhara ndipo waseme minyoo. Kwa huyu mtangoja hadi mnyama aanguke. Jike moja la mnyoo huyu hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, na yote huishia malishoni.

Mchunga Kondoo: Hapo malishoni ndipo mimi ninapopambana. Yai huanguliwa ndani ya mavi, lava (mnyoo mchanga) inajivua gamba, kisha inapanda jani kwa kufuata unyevu. Joto na mvua zikikutana, wiki moja inatosha. Nyingi hazipiti sentimita 5 kutoka chini, kwa hiyo nahamisha kundi kabla nyasi haijaliwa hadi shinani. Umande nausubiri ukauke.

Babu Zizi: Na mvua ikinyesha kutwa, mkuu? Mimi natumia kadi ya FAMACHA, ile ya Afrika Kusini: rangi ya kope kutoka 1, nyekundu, hadi 5, nyeupe. Nawanywesha dawa ya minyoo waliofifia tu. Wanarudi walewale kila msimu, na hao sizalishi tena. Ukinywesha kundi zima kila mara, mnyoo unaobaki ni ule sugu, nao ndio utakaotaga.

Mama Ndama: Kwa ng'ombe kuna nyingine. Ndama wangu wa mwezi mmoja alitoa minyoo mirefu, myeupe, wakati majani hajayazoea. Daktari wa mifugo akasema ilipitia kwenye maziwa: lava hulala mwilini mwa mama, akikaribia kuzaa zinaamka. Sasa ndama nawanywesha dawa kabla hawajafikisha wiki 3.

Mgeni: Mbuzi wangu hawapati nafuu na dawa inayoponya kondoo. Ni feki?

Babu Zizi: Huenda siyo. Mwili wa mbuzi huimaliza dawa upesi kuliko wa kondoo, muulize daktari dozi ya mbuzi. Kisha peleka mavi maabara siku ya kunywesha na tena baada ya siku 14. Mayai yakiwa bado mengi, badilisha aina ya dawa, siyo jina la kopo tu.