Stesheni ipi tuijenge kwa kipimo kidogo: Broad Street ya London, Penn ya New York, au Kisumu ya enzi ya reli na meli?

ReliZiwani (Kisumu)

Wanajamvi, hamjambo. Sisi ni kikundi kidogo cha wapenzi wa reli hapa Kisumu, na tunakusudia kujenga mfano wa reli wa stesheni ya mjini ambayo haipo tena, au haipo tena kwa sura iliyokuwa nayo. Tunayo karatasi moja ya plaiwudi ya futi nane kwa nne, ambayo ikipasuliwa kwa urefu na vipande viwili kuunganishwa ncha kwa ncha itatupa meza ya karibu mita 4.9 kwa sentimita 61. Kabla ya kununua hata kipande kimoja cha reli tunataka kuamua stesheni na kipimo, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yatakayoamua mengine yote.

Tumebaki na tatu. Ya kwanza ni Broad Street ya London, iliyofunguliwa mwaka 1865 na kufungwa mwaka 1986, kisha eneo lake likachukuliwa na majengo ya ofisi ya Broadgate. Ilipigwa picha hadi siku zake za mwisho, na injini na mabehewa mengi ya Uingereza ya kipimo cha N (modeli ndogo zinazotembea kwenye reli ya upana wa milimita 9) huuzwa yakiwa tayari. Ya pili ni Penn Station ya New York, kazi ya McKim, Mead & White, iliyofunguliwa mwaka 1910 na kuanza kubomolewa mwaka 1963; uchungu wa kuipoteza ulichangia jiji hilo kupata sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Ya tatu ni Kisumu yetu ya miaka ya 1960, wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipoendesha treni na meli za ziwani kwa pamoja. Mimi naegemea hiyo ya tatu, ila wenzangu wawili wanasema kwamba hakuna modeli zake zinazouzwa na vipimo vyake havijulikani. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi?

Mbao_na_Msumari (Nakuru)

Ndugu ReliZiwani, Penn iondoeni mapema. Jengo lile lilikuwa na urefu wa takriban mita 240 na upana wa mita 130, kwa hiyo hata kwa kipimo cha 1:160, yaani mara 160 dogo kuliko halisi, litataka upana wa sentimita 81, na meza yenu ina 61. Mkishuka hadi 1:220 litaingia kwa kubanwa, lakini kasoro kubwa itabaki pale pale: njia zake 21 za reli zilikuwa chini ya ardhi, na hadi leo treni hupita hapo chini. Mtajenga nguzo na kuta kwa miezi mingi, kisha mgeni akija atawauliza treni ziko wapi.

Kuhusu Broad Street, kumbukeni kwamba kipimo cha N cha Uingereza ni 1:148, ilhali reli yake ni ile ile ya milimita 9. Ukizidisha unapata milimita 1,332, wakati reli halisi ya kule ni milimita 1,435. Tofauti hiyo ya sentimita kumi huonekana ukiitazama treni kwa mbele, kwani mwili wake huwa mpana kupita kiasi juu ya magurudumu.

Kama mnataka ya Uingereza kwa sababu ya urahisi wa kupata vifaa, itazameni Nottingham Victoria, iliyofunguliwa mwaka 1900 na kufungwa mwaka 1967. Ilikuwa ndani ya bonde lililochimbwa katikati ya mji, na kila upande treni ziliingia kwenye handaki. Kwa mtu anayejenga mfano hiyo ni neema, maana treni hutoweka handakini kwa njia ya asili na kwenda kwenye reli za kupangia zilizofichwa nyuma ya mandhari, bila kutafuta daraja la uongo la kufichia tundu. Mnara wake wa saa ulihifadhiwa na bado umesimama mbele ya jengo la maduka.

BintiWaGudsheti (Kisumu)

Nottingham ni chaguo zuri kwa aliye karibu na Nottingham. Ninyi mko Kisumu, na hoja kwamba vipimo vya Kisumu havijulikani ndiyo ninayotaka kuijibu kwa kirefu, kwa sababu baba yangu alifanya kazi ya reli na nyumba yetu imejaa picha za zamani.

Reli yetu ya zamani ni ya mita moja kamili. Maana yake ni kwamba kila picha ya stesheni ambamo reli inaonekana ikikatiza mbele ya jengo ina rula ndani yake. Ukipima nafasi kati ya reli mbili kwenye picha, kisha ukapima mlango, dirisha au nguzo iliyo umbali ule ule kutoka kwa kamera, unapata kimo chake halisi kwa hesabu ya kugawanya tu. Ni lazima kitu unachokipima kiwe usawa mmoja na hiyo reli. Cha nyuma zaidi kitaonekana kifupi kuliko kilivyo, kwa hiyo tumieni picha mbili au tatu za pembe tofauti na mlinganishe majibu. Nimefanya hivyo kwa picha ya gudsheti aliyoihifadhi baba, ambamo makuli wamesimama mlangoni na behewa limeegeshwa mbele yao, na vimo vya watu vilitoka kama vya watu wa kawaida. Hapo ndipo nilipoiamini hesabu ya mlango.

Rula hiyo haitoi majibu yote. Picha haikuambii pointi ipi (mahali treni inapobadilisha njia) iligeuzwa kwa mkono, behewa la mizigo lilisukumwa vipi kuelekea melini, wala injini iliyofika mwisho wa njia ilizungushwa wapi ili irudi Nakuru. Hayo yako vichwani mwa wazee: stesheni masta, madereva, mafundi wa karakana na wafanyakazi wa gatini, ambao wengi sasa ni wakongwe. Michoro ya Broad Street itakuwepo miaka ishirini ijayo. Wazee hao hatuna hakika nao. Waendeeni na picha mkononi, mkae nao, na badala ya kuwauliza “stesheni ilikuwaje” wapeni karatasi wachore njia walizozipita kila siku. Baba hakumbuki mwaka wowote kwa uhakika, lakini alichora reli zote za uwanja wa shanti, yaani wa kupangia mabehewa, bila kuinua kalamu, akitaja kila moja ilikuwa ya mizigo gani.

MfuatiliajiWaMau (Londiani)

Naomba kuuliza jambo la msingi. Kisumu imepotea kwa maana gani? Treni ya abiria ilirudi Desemba 2021, na MV Uhuru, meli ya ziwani ya kubebea mabehewa ya treni, nayo imerudishwa kazini. Kama mada ni stesheni zilizopotea, huenda matawi ya reli yaliyokufa, kama lile la Solai, yanafaa zaidi.

BintiWaGudsheti (Kisumu)

Swali lako ni la haki. Solai lakini halikuwa jiji, na ReliZiwani ametaka stesheni ya mjini. Kilichopotea Kisumu ni mfumo mzima: shirika moja lenye treni, karakana, gati na meli, ambalo mzigo wake ulitoka Mombasa na kuvuka ziwa hadi Mwanza, Jinja au Port Bell chini ya mamlaka yale yale. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977. Stesheni ambayo reli ilifika Desemba 1901, ikaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandazaji wa reli, ilijengwa kwa ajili ya ziwa. Ukiijenga bila meli umeacha nusu yake.

MfuatiliajiWaMau (Londiani)

Nimeelewa, na nakubali. Basi niongeze tahadhari kuhusu injini, kwa kuwa najua wengi huvutiwa na Garratt (injini ndefu za mvuke zenye maungio) za daraja la 59, zile kubwa zilizopewa majina ya milima. Zilikuwa na uzito wa takriban tani 252 na zilifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, ambako reli ilikuwa nzito ya kutosha. Kuiweka moja Kisumu ni kupotosha historia. Fikirieni Garratt nyepesi za daraja la 60, au injini za madaraja ya 29 na 31 zilizopewa majina ya makabila. Mkifika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi, mtaziona za aina hizo zimesimama uwanjani, na rangi yao ya damu ya mzee mnaweza kuilinganisha na kadi za rangi za dukani papo hapo.

MwalimuLuanda (Luanda)

Sasa tuje kwenye kipimo, maana hapo ndipo Kisumu inapokuwa rahisi kuliko mnavyodhani. Reli ya N ya milimita 9 hupatikana kwa urahisi kuliko nyingine ndogo. Kwa reli ya mita moja, milimita 9 ikizidishwa kwa 110 inatoa milimita 990, ambayo ni karibu sawa kabisa. Kwa 1:120 inatoa 1,080, ambayo imezidi kidogo, lakini faida yake ni kwamba 1:120 ni kipimo cha TT, na watu, malori na miti ya TT huuzwa tayari. Njia ya tatu ni 1:160 juu ya reli ya Z ya milimita 6.5, ambayo inatoa 1,040. Hiyo siipendekezi kwa wanaoanza, kwa kuwa mitambo ya Z ni midogo mno na vumbi kidogo tu huisimamisha.

Kwa meza yenu ya mita 4.9, kipimo cha 1:110 kinawapa zaidi ya mita 530 za uhalisi. Meli ya Uhuru, yenye urefu wa karibu mita 90, itakuwa na sentimita 82. Na meli hiyo ndiyo handaki lenu la Nottingham: ijengeni kama sanduku lenye reli ndani, mabehewa yasukumwe humo, kisha sanduku zima linyanyuliwe na kupelekwa meza ya pili lirudi na mabehewa mengine. Injini mtajijengea mwili kwa kadibodi au plastiki juu ya mtambo wa N (mota na magurudumu) ulio tayari.

Mbao_na_Msumari (Nakuru)

Mwalimu amenigeuza mawazo kwa hilo la meli. Kama ni 1:110, nina njia ya kutengeneza mabati. Mawimbi ya bati la kawaida huwa na umbali wa takriban milimita 76, na ukigawanya kwa 110 unapata 0.69. Boliti ya milimita 4 ya kawaida ina nyuzi zenye umbali wa milimita 0.7. Chukueni karatasi ya alumini ya jikoni, ilazeni juu ya nyuzi, kisha ikandamizeni kwa kifutio cha penseli polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ikateni vipande vya milimita 7 kwa 22, kila kimoja ni bati moja, na mvibandike kwa kupandanisha kingo kama fundi wa paa afanyavyo. Msipake rangi ya fedha. Pakeni kijivu kisichong'aa na kutu kidogo penye misumari.

Plaiwudi yenyewe itieni mbavu za saipresi chini na mpake dawa ya mchwa pande zote pamoja na kingo, kwa sababu unyevu wa ziwa huingilia kingoni kwanza.

ReliZiwani (Kisumu)

Nawashukuru sana. Tumekutana na kukubaliana: Kisumu, 1:110, meli ikiwa sanduku la kunyanyuliwa. Wiki hii tunaandika barua kwa stesheni masta na kwa wasimamizi wa bandari kuomba ruhusa ya kupima na kupiga picha, na BintiWaGudsheti amekubali kutupeleka kwa wazee wawili. Gati tutaanza kulichora kutokana na picha za miaka ya 1950, ndizo zilizo safi zaidi.

MwalimuLuanda (Luanda)

Kabla hamjachora gati, angalieni maji. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na MV Uhuru ililetwa baada ya hapo. Picha za miaka ya 1950 zitawaonyesha gati likiwa juu sana ya maji kuliko lilivyokuwa meli hiyo ilipoanza kupakia mabehewa. Kwa kipimo chenu kosa hilo ni sentimita mbili nzima, na reli za meli hazitakutana na reli za gatini. Picha za miaka ya 1950 zitumieni kwa majengo, na usawa wa maji mwupate kwenye picha yoyote ambayo Uhuru yenyewe imo.