San Andreas haikuwa gemu bora, na wala siyo iliyotuharibu

Mwisho wa Reli (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za mchana.

Jumapili kwenye mkutano wa mtaa, hapa Gungu, Kigoma, liliibuka suala la vibanda vya gemu. Mzazi mmoja akasimama akataka vibanda vyote vilivyo jirani na shule vifungwe, akatutolea mfano sisi tuliokuwa shule ya msingi miaka ya 2005 na 2006: eti tuliharibiwa na gemu za kuuana, San Andreas ikiwa kinara. Rafiki yangu niliyesoma naye hakuvumilia, akadakia kwamba haijatengenezwa gemu kama ile na haitatengenezwa. Basi mkutano ukageuka mwalo wa Kibirizi asubuhi, boti za dagaa zikiingia. Mwenyekiti akafunga bila uamuzi.

Mimi sikupewa nafasi, kwa hiyo naimwaga hapa. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wanaizungumzia gemu ambayo hapa mjini karibu hakuna aliyeicheza.

Sitanii. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004 na ikawa gemu iliyouzwa kuliko zote za PS2, ile mashine ya gemu ya Sony, nakala zaidi ya milioni 17. Wahakiki wa nje waliipa alama za juu mno. Walisifu miji yake mitatu, na hadithi ya kijana anayerudi nyumbani mwaka 1992 kumzika mama yake. Kumzika mama yake! Nimekalia benchi la kibanda kimoja pale Mwanga tangu darasa la tano mpaka la saba na sikujua kwamba CJ, ndiye huyo kijana, ana msiba. Nimekuja kujua juzi juzi, nina ndevu.

Ningejuaje? Dakika kumi shilingi mia. Memori kadi, ya kutunza ulipofikia, hakuna, mwenye kibanda anasema iliungua. Hakuna kusevu, kwa hiyo kila anayekaa anaanzia palepale: uchochoro, baiskeli, jamaa wa suruali pana anakanyaga pedali. Maneno yote ni Kiingereza cha vijiweni Marekani, na sisi Kiingereza chetu kilikuwa bado kwenye kalamu na dawati. Dakika ya tatu mtu anachoka na misheni asizozielewa, anatoa karatasi ya chiti, yaani vitufe vya siri vya kupata vya bure.

Zangu nilizinakili ukurasa wa mwisho wa daftari la Hisabati. R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kisha hizo nne za mwisho tena. Afya inajaa, fulana ya risasi inavaliwa, dola 250,000 zinaingia mfukoni. Mwalimu alipokagua daftari aliniuliza hiyo ni hesabu ya aina gani. Ukishapata pesa zote hizo, huna cha kununua ndani ya dakika saba zilizobaki, basi unapiga risasi hewani, unaiba gari, unalizamisha majini, muda umeisha, mwingine anaingia. Tulicheza dakika kumi za kwanza za ile gemu mara mia tatu. Nzuri dakika mbili. Ya tatu inachosha.

Sasa weka pembeni yake Winning Eleven, gemu ya mpira. CD yetu ilikuwa toleo la Japani, mtangazaji anapayuka Kijapani mwanzo mwisho, na benchi zima lilikuwa linamwigiza bila kujua neno hata moja. Hakuna aliyelalamika lugha. Nje walikuwa wanaisema Konami, watengenezaji wake, kwamba haina leseni za timu, Liverpool inaitwa Merseyside Red, wakati gemu pinzani ya FIFA ina majina na jezi halisi. Kibandani nani alijali jezi? Mpira ulikuwa unatembea kama mpira. Ilipofika PES 6 mwaka 2006 (PES ni jina la nje la gemu hiyohiyo) tatizo likawa Adriano wa Inter Milan, ule mguu wa kushoto unafyatua kutoka katikati ya uwanja na kipa anabaki anatazama. Mwenye kibanda akaandika ukutani kwa chaki: INTER HAICHUKULIWI.

Na wewe mzazi uliyesimama Jumapili, nisikilize kwa heshima zote: ngumi pekee niliyowahi kuiona kibandani ilitokana na penalti ya PES. San Andreas ilikuwa inawalaza watu benchi.

Kwa hiyo hoja yangu: gemu za miaka ile zilizojengwa kwa hadithi ndefu zilifeli hapa, hata kama zilishinda London. Metal Gear Solid 2 ya 2001, ile ya ujasusi, ndiyo usiseme. Huko kwao walilalamika kwamba wahusika wanaongea mno na kwamba shujaa Snake waliyemsubiri amebadilishwa akaja Raiden. Sisi hata huyo Raiden hatukufika kwake, mia yetu iliishia kwenye maongezi. Karibuni mnipinge.

Mjukuu wa Ujiji

Mkuu, unaihukumu gemu kwa dhambi za kibanda. Mtu akienda kibanda umiza, umeme ukakatika nusu ya filamu, akirudi nyumbani atasema filamu ni mbaya?

Sisi kwetu Ujiji kaka alirudi na PS2 kutoka Dar mwaka 2007, memori kadi ya MB 8 ikiwemo. TV ya chogo, umeme ukirudi saa tano usiku tunaamshana. San Andreas tuliimaliza, na nina kasoro za kweli za kukupa. Ile misheni ya kufukuza treni kwa pikipiki ni uonevu, Big Smoke, rafiki wa CJ, yuko nyuma yako na bunduki, hapigi mtu, ukishindwa anakulaumu wewe. Shule ya urubani tuliifanya wiki nzima. Lakini ile siku unapogundua nani amekusaliti, kaka yangu aliweka pedi chini akatoka nje. Gemu gani nyingine ilimfanyia mtu hivyo mwaka ule?

Wewe ulionja ganda la embe ukatema.

Mama Watatu

Wanangu, nimewasoma. Mnabishana ladha ya mchuzi wakati mtoto hajafika shule.

Mimi sijui Adriano wala Big Smoke. Ninachojua, mwanangu wa pili alipewa mahindi apeleke mashineni, akauza debe nusu kwa jirani, akakutwa gemuni saa sita mchana na sare yake. Angekuwa anacheza mpira wa Wajapani au anaua watu, kwangu debe nusu limeondoka. Huyo mzazi wa Gungu sababu kataja mbovu, ila ombi lake ni sahihi.

Kijana wa Sheria

Nikumbushe tu kwamba hoja ya kuharibiwa na gemu za kuuana ilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. California ilitunga sheria mwaka 2005 ya kuzuia watoto kuuziwa gemu za ukatili, mwaka 2011 majaji saba kwa wawili wakaitupa, na wakasema tafiti zilizoletwa hazithibitishi kwamba gemu ndizo zinazomfanya mtoto awe mkali. Kesi imekwisha.

Mama Watatu

Imekwisha Marekani, mwanangu. Hao majaji walikuwa wanalinda uhuru wa kusema katika katiba yao. Wewe uliyesoma sheria unalijua hilo kuliko mimi.

Bangwe Boy

Mbona hamtaji Tekken Tag, gemu ya ngumi? Ukimchukua Eddy Gordo, unabonyeza mateke ovyo ovyo umefumba macho na unashinda. Gemu ya kizembe ile, na ndiyo niliyoipenda. Halafu Resident Evil 5, wale watu wa Kijuju, mji wake wa kubuni wa Afrika, wanaongea Kiswahili kabisa!

Mwisho wa Reli

Bangwe, Resident Evil 5 ni ya 2009 na ilikuja na PS3, usituchanganyie. Ila ni kweli, na nilichukia: mara ya kwanza kusikia lugha yetu kwenye gemu kubwa, anayeiongea anakuja kukutoa roho.

Mjukuu, nakupa nusu. Ile ya kaka yako kuweka pedi chini imenigusa. Nusu nyingine siitoi, kwa sababu gemu bila mahali inapochezewa ni CD tu. Hapa Kigoma ilichezewa kibandani, na kibandani ilikuwa butu. Ninyi wenye PS2 nyumbani mlikuwa nyumba ngapi Ujiji nzima?

Mama, shikamoo. Kwa hilo la saa za shule sina ubishi na wewe. Kibanda kifungwe mpaka saa tisa, mwenye kukaidi atozwe faini. Ninachokataa ni kupeleka San Andreas kizimbani kwa kosa la debe nusu la mahindi. Kama ni kuilaumu, ilaumu kwa hili: kwao ilikuwa na alama ya miaka 17 kwenda juu, Uingereza 18, na Julai 2005, yalipogunduliwa yale mambo ya chumbani yaliyofichwa ndani yake, Marekani wakaipandisha ikawa ya watu wazima tu. Kwetu ilikuja CD ya kuchoma ndani ya nailoni, imeandikwa kwa maka peni "GTA SANANDRES". Alama ingekaa wapi?

Fundi Katubuka

Vijana, nimewasoma tangu asubuhi nikasema ninyamaze, nimeshindwa. Kile kibanda cha Mwanga chenye chaki ukutani kilikuwa changu.

Memori kadi haikuungua. Nilikuwa nayo. Mpira mechi ya dakika tano, anayefungwa anatoa mia na anatoka. San Andreas dakika kumi kwa mia ileile, na mnaosubiri mnasinzia. Sasa niwape na kusevu, mtu anogewe na hadithi, aning'ang'anie kiti mpaka Magharibi, dizeli ya jenereta atanunua nani? Niliificha makusudi ili mrudi kwenye mpira. Hata ile chaki ya Inter, mechi zilikuwa zinaisha tano bila, waliofungwa hawarudi.

Kadi ipo mpaka leo, kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na fyuzi. Ndani yake San Andreas imeseviwa na mtu mmoja tu, nilikuwa nacheza usiku mkishaondoka. Lile treni lilinichukua siku nne.