Nataka kufufua Beetle ya zamani kwa mikono yangu, waliofanya hivi mlipata nini?

Spana13:
Habari zenu wakuu, naomba ushauri kwa waliowahi kupitia hii njia. Baba mdogo kanipa Volkswagen Beetle ya 1971, imekaa miaka mingi chini ya turubai haijawashwa, tairi zimekauka, rangi imepauka na milango huku chini ina kutu, ila vioo vyote vipo na injini iko kamili haijachokonolewa na mtu. Mimi si fundi, kutwa nzima niko mbele ya kompyuta, kwenye gari najua kubadilisha tairi na kuangalia oili basi. Nimeamua nitaifufua mwenyewe taratibu wikiendi, sasa kila ninayemwambia ananishangaa, mke wangu yeye hapingi ila kaniuliza swali nikakosa jibu: ukishamaliza utakuwa umepata nini? Pesa najua hairudi, hilo sibishani. Nyie mliofanya wenyewe, mlipata nini hasa? Na mtu asiyejua kitu anaanzia wapi? Nawasilisha.

BabaLandi:
Mkuu hongera sana. Mimi nilifufua Land Rover Series III na kitu cha kwanza nilichopata ni usingizi, nakwambia ukweli. Kazi zetu hizi za ofisini hazina mwisho, unatuma ripoti inarudi, unarekebisha inarudi tena, unaenda kulala kichwani bado unaandika. Sasa wewe kaa na bolti iliyogoma kwa kutu, unaipulizia oili ya kulainisha, unaiacha ilale, kesho yake unaigonga kidogo kidogo na nyundo, unajaribu nusu mzunguko mbele nusu nyuma, mara unasikia "kraaak" imeachia. Imefunguka, imeisha, hakuna wa kukurudishia. Hiyo raha huwezi kumweleza mtu akaielewa mpaka aionje. Na akili inatulia maana huwezi kushika spana huku unawaza madeni, mkono utakuteleza uumie.

Halafu unaanza kuelewa vitu vilivyokuwa mbele yako siku zote. Land Rover hizo bodi yake ni alumini chesisi ni chuma, nilikuwa najua alumini haishiki kutu nikajua niko salama, kumbe pale alumini inapogusana na chuma na unyevu ukiingia, alumini inaliwa inakuwa unga mweupe. Sasa hivi nikiona gari lolote la zamani najua pa kuinama.

MkweliDaima:
Mimi nitasema tofauti kidogo na sina nia ya kukuvunja moyo. Kama unahitaji gari la kwenda nalo kazini tafuta lingine, hili lisiwe tegemeo. Ukishaanza kulidai likupeleke mahali kwa tarehe fulani, ile raha inageuka kero na ndio unaanza kulipua kazi. La pili, USILIFUMUE LOTE KWA MARA MOJA. Magari mengi yanafia hapo, mtu kwa ile hamu ya mwanzo anafungua kila kitu ndani ya wiki, baada ya miezi michache ana makopo ya bolti hajui ipi ya wapi, anakata tamaa anauza kama chuma chakavu. Fungua sehemu moja, piga picha kabla na wakati unafungua, bolti zake weka kwenye mfuko andika jina, malizana nayo ndio uende nyingine. Hata anayeanza akienda hivi anafika.

DadaKabureta:
Kaka usiache. Mimi na baba yangu tulifufua Peugeot 504 yake, gari alilolinunua kabla sijazaliwa. Baba si mtu wa maneno, ukimpigia simu ni salamu na "haya". Lakini tukiwa chini ya boneti anaongea, tena bila kuulizwa, maana macho yote yako kwenye kazi hakuna anayemtazama mwenzake. Nimesikia habari za ujana wake ambazo hata mama alikuwa hazijui. Mwambie shemeji yangu hapo kwamba ukifungua gari na mtu mnafunguana na nyie.

Kazi niliyoipenda mimi ni kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Unaitoa, unaifungua mezani juu ya kitambaa cheupe ili kitu kikidondoka ukione, ndani unakuta petroli ya zamani imeganda rangi ya kahawia kama asali. Kuna zile jeti, vipande vya shaba vidogo vina tundu dogo mno, unaosha unapuliza kwa hewa halafu unainua kwenye mwanga, ukiona nukta ya mwanga imepita ujue imezibuka. Usichokonoe kwa waya maana ukilipanua lile tundu injini itakunywa mafuta isivyotakiwa. Siku lile gari liliposhika sailensa vizuri, yaani kunguruma likiwa limesimama, bila kuzimika nilijua ni kwa sababu ya ile nukta niliyoiona mimi, na mpaka leo nikilisikia limebadilika mlio nakuwa najua nianze kuangalia wapi.

FundiMstaafu:
Kijana umepata gari zuri la kujifunzia. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003, kwa hiyo spea zake hazijapotea. Injini inapozwa kwa hewa, hakuna rejeta, na imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu, watu wawili na jeki wanaishusha.

Usiiwashe kwanza! Toa plagi, tia oili kidogo kila silinda, iache, halafu izungushe kwa mkono na spana kwenye puli. Ikizunguka bila kukwama moyo wako utulie. Mwaga petroli ya zamani yote, mwaga oili uweke mpya, inachukua lita 2.5, usafishe na chujio la waya lililo chini. Nafasi ya valvu pima injini ikiwa baridi kabisa, 0.15 mm, na nafasi ya pointi za distributa, kile kinachogawa moto kwa plagi, 0.4 mm. Mipira ya petroli badilisha YOTE hata kama inaonekana mizima, mpira mkavu ukipasuka petroli inadondokea kwenye injini ya moto na gari linaungua. Breki fungua magurudumu yote manne, silinda zake zikikaa muda mrefu zinaganda. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi.

Spana13:
Wakuu nashukuru mno, sikutegemea majibu ya namna hii. Mke wangu kasoma yote, ya DadaKabureta kayarudia, sasa anasema viti na vitambaa vya ndani ni kazi yake mimi nisiguse. Mzee FundiMstaafu shikamoo, leo nimenyanyua kiti cha nyuma, pale betri inapokaa sakafu imetoboka nimeona chini. Hii ndio mwisho wa gari au?

FundiMstaafu:
Marahaba. Hapana, si mwisho, ni asidi ya betri hiyo, Beetle nyingi zinatoboka hapohapo. Bodi na sakafu vimeungwa kwa bolti, na vipande vya sakafu vinauzwa vipya vya kuchomelea. Toa betri, osha pale kwa maji yenye magadi kuua asidi, kausha, halafu piga brashi ya waya mpaka ufike chuma kizima. Pitisha na sumaku kwenye kingo za chini za bodi pande zote mbili, isiposhika ujue kuna puti, ile ya kuzibia bodi kabla ya rangi, imeficha kutu. Weka picha tuone tundu limeishia wapi.